Kabla ya Barabara Kuchorwa: Jinsi Safari za Kaya Zinavyohesabiwa

Mhandisi anayetaka kujua jinsi barabara ya Meru hadi Maua inavyotumika huanza kwa jambo rahisi. Huweka vijana wawili kando ya lami, tuseme pale Kangeta, akawapa karatasi za kuhesabia. Jioni wanamrudishia jumla: matatu ngapi zimepita, Probox ngapi, pikapu za miraa ngapi, boda boda ngapi, malori mangapi.

Hesabu hiyo ni ya kweli na ina kazi yake. Lakini haimwambii abiria wa matatu alitoka kijiji gani wala alikuwa akienda kufanya nini. Haimwonyeshi mama aliyepita njia ya shambani kwa miguu, mtoto mgongoni, kwa sababu nauli ya boda boda ingemaliza pesa za dawa. Na haimwambii lolote kuhusu mzee aliyebaki nyumbani siku ya kliniki kwa kuwa mvua ilikuwa imekata barabara. Safari ya mzee huyo haikufanyika, kwa hivyo hakuna aliyeihesabu.

Ndiyo sababu wapangaji wa usafiri hufanya utafiti wa aina nyingine, ambao hauanzii barabarani bali mlangoni. Unaitwa utafiti wa safari za kaya. Karani hufika nyumbani, akauliza kila mtu wa nyumba hiyo alikwenda wapi jana, saa ngapi, kwa chombo gani, kwa shughuli gani na kwa gharama gani. Majibu ya kaya mamia au maelfu huwekwa pamoja, na kutoka hapo hujengwa modeli ya usafiri, yaani hesabu ya kompyuta inayokadiria watu watasafiri vipi barabara mpya ikijengwa, steji ikihamishwa au mji ukipanuka.

Kwa wakaazi wa Igembe na Tigania, jambo hili si la wataalamu pekee. Namna maswali yanavyotungwa ndiyo huamua ni safari za nani zitakazoonekana kwenye ramani ya mpangaji.

Kwa nini kaunti ihitaji hesabu hii

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linaipa serikali ya kaunti jukumu la usafiri wa kaunti: barabara za kaunti, taa za barabarani, msongamano na maegesho, na usafiri wa umma wa barabara. Barabara nyingine ziko chini ya mashirika ya kitaifa, yaani KeNHA, KURA na KeRRA. Mwananchi anayetoka Kiegoi kwenda Meru hajui, wala hana haja ya kujua, ni wapi barabara ya shirika moja inaishia na ya mwingine inaanza. Safari yake ni moja. Mpangaji naye anapaswa kuiona ikiwa moja, na hapo ndipo modeli ya eneo zima inaposaidia kuliko mpango wa kila ofisi peke yake.

Meru ina wadi 45, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,545,714. Hakuna mwaka ambao fedha zitatosha kila wadi. Mpango jumuishi wa maendeleo wa kaunti hutengenezwa kila baada ya miaka mitano, na mikutano ya kushirikisha umma hufanyika ili wananchi waseme wanachotaka. Mikutano hiyo ni ya lazima na ni mizuri, ila ina kasoro moja ambayo kila aliyewahi kuhudhuria anaijua: anayesikika ni aliyefika. Aliyeshindwa kufika kwa sababu ya umbali ndiye hasa mwenye tatizo la usafiri. Utafiti unaomfuata nyumbani hauchukui nafasi ya mkutano, lakini unaleta mezani sauti ambayo mkutano haukuisikia.

Kazi hii ilianza vipi

Mwongozo wa kwanza wa kuhoji watu majumbani kuhusu safari zao ulitolewa na serikali ya Marekani mwaka 1944. Miaka ya 1950 miji ya Detroit na Chicago ilifanya tafiti kubwa, na humo ndimo ulimozaliwa utaratibu wa hatua nne ambao bado unatumika katika sehemu nyingi za dunia. Kwanza hukadiriwa kila mtaa au kijiji huzalisha safari ngapi kwa siku. Pili, safari hizo zinaelekea wapi. Tatu, zinafanywa kwa chombo gani. Nne, zinapita njia ipi.

Tafiti hizo za mwanzo zilitungwa kwa ajili ya watu wenye magari na kwa ajili ya swali la mahali pa kujenga barabara kuu. Mtembea kwa miguu hakuwa na nafasi kubwa katika hojaji. Mazoea hayo yalisafiri pamoja na utaratibu wenyewe hadi nchi ambako wengi wanatembea.

Nairobi imefanyiwa utafiti wa namna hii zaidi ya mara moja. Mwaka 2004, chini ya mpango mkuu wa usafiri uliosaidiwa na shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, JICA, takriban kaya 10,000 zilihojiwa, na utafiti mwingine ukafanywa mwaka 2013. Ule wa 2004 ulionyesha kwamba karibu nusu ya safari zote za jiji zilifanywa kwa miguu. Jiji ambalo mijadala yake yote ilikuwa juu ya matatu na msongamano wa magari liligundua kuwa msafiri wake mkuu ni mtu mwenye viatu. Kama hojaji ingeuliza tu, "Ulipanda gari gani?", watu hao wasingekuwepo kwenye ripoti.

Mfano unaofanana zaidi na milima ya Nyambene, hata hivyo, hautoki Nairobi. Unatoka Makete, wilaya ya milimani kusini mwa Tanzania, iliyokuwa mkoani Iringa wakati huo na sasa iko Njombe. Kuanzia miaka ya katikati ya 1980, Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilisimamia mradi wa usafiri wa vijijini huko. Watafiti waliuliza kaya zinatumia muda wake wa kusafiri kwa kazi gani. Ilionekana kwamba sehemu kubwa ya muda huo haikuwa barabarani kabisa. Ilikuwa kwenye vijia, ndani na kandokando ya kijiji: kuteka maji, kuokota kuni, kwenda kusaga, kwenda shambani. Na mzigo mkubwa ulikuwa kichwani na mgongoni mwa wanawake. Basi jibu la mradi halikuwa barabara za magari peke yake. Liligusa pia vijia na vivuko, punda wa kubeba mizigo, na kusogeza huduma kama mashine za kusaga karibu na watu. Wakati mwingine njia bora ya kupunguza safari ni kuondoa sababu ya kuifanya.

Kaya ni nani, na nani achaguliwe

Swali la kwanza la mtunzi wa utafiti linaonekana la kitoto: nyumba moja ni nini? Kwenye boma moja la Igembe unaweza kukuta nyumba ya mzee, nyumba za wanawe wawili waliooa, na chumba cha kijana anayefanya kazi ya kuchuma miraa. Takwimu za Kenya hufuata kanuni ya chungu: wanaopika na kula pamoja na kumtambua mkuu mmoja wa nyumba ni kaya moja, hata kama wanalala nyumba tofauti. Boma hilo basi linaweza kuwa na kaya tatu au nne, na karani asiyelielewa jambo hili ataandika moja na kuwapoteza waliobaki.

Hakuna utafiti unaouliza kila kaya. Hiyo huwa sensa. Huchaguliwa sampuli. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, KNBS, imeigawa nchi katika maeneo madogo ya kuhesabia, na kutokana na sensa ya 2019 ina orodha maalum ya vishada vya kaya ambayo tafiti za kitaifa huchota sampuli zake. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022, kwa mfano, ulichagua vishada 1,692 nchini kote na kaya 25 katika kila kishada, jumla kaya 42,300. Utafiti wa usafiri unaweza kufuata njia hiyo hiyo. Jambo la msingi ni kwamba kaya inachaguliwa kwa bahati, kama kura, wala si kwa kupendekezwa na chifu, mzee wa kijiji au mwanasiasa. Chifu na wazee wa Nyumba Kumi wana kazi muhimu ya kuwatambulisha makarani kwa wananchi, lakini kuchagua nyumba si kazi yao.

Wengi huuliza kwa nini jirani ameulizwa na wao hawakuulizwa, na kama kaya 400 zinaweza kweli kuzungumza kwa niaba ya kaunti ndogo nzima. Zinaweza, kwa kiasi. Zikichaguliwa kwa bahati, kaya 400 hutosha kukadiria jambo la kawaida, kama vile sehemu ya kaya zenye pikipiki, kwa makosa ya kama asilimia 5 juu au chini. Kishada kikiwa na watu wanaofanana sana, makosa huongezeka kidogo. Anayetaka kupunguza makosa hayo kwa nusu hahitaji kaya mara mbili. Anahitaji mara nne, yaani 1,600, na gharama yake. Tatizo kubwa zaidi liko kwa mambo adimu. Kama kaya moja tu katika kila mia ina mtu anayetumia kiti cha magurudumu, sampuli ya 400 itawapata wanne. Huwezi kupanga vivuko na vijia vya mji wa Maua kwa kutegemea watu wanne. Kwa hivyo utafiti mzuri huongeza sampuli ya makusudi kwa makundi kama hayo, au hufanya mahojiano ya pembeni, halafu hurekebisha hesabu mwishoni.

Kuna pia suala la kugawa sampuli kati ya milimani na tambarare. Wakaazi wa karibu na Maua na Laare, kwenye miraa na baridi, husafiri tofauti na wa kule chini kuelekea Kiutine na mbuga ya Meru, ambako makazi yametawanyika na maji ni safari. Sampuli ikigawanywa kwa idadi ya watu peke yake, tambarare itapata kaya chache mno kiasi kwamba haiwezi kusemewa lolote la uhakika. Lazima ipewe zaidi ya fungu lake.

Safari ni nini hasa

Hapa ndipo utafiti mwingi huharibika, na ndipo panapostahili uangalifu kuliko mahali pengine popote.

Chukua mfano wa mama wa Kiegoi. Anatoka nyumbani na mtoto, anatembea dakika ishirini hadi barabarani, anapanda boda boda hadi Maua, anampeleka mtoto hospitali, kisha anapita sokoni kununua mboga, anarudi kwa matatu na kumalizia kwa miguu. Je, hiyo ni safari moja, mbili au saba? Kwa kawaida watafiti huhesabu safari kwa shughuli: nyumbani hadi hospitali ni moja, hospitali hadi sokoni ni ya pili, sokoni hadi nyumbani ni ya tatu. Vipande vya ndani, yaani mguu, boda boda, matatu, huandikwa kama hatua za safari. Lakini hojaji yenye nafasi moja tu ya chombo itaandika "boda boda" na kusahau zile dakika ishirini. Kwenye modeli, mama huyo ataonekana anaishi kando ya barabara. Kijia chake hakitaonekana popote, na hakuna atakayekumbuka kuweka kivuko cha mto kwenye bajeti.

Halafu kuna safari ambazo mwenyewe haziiti safari. Kwa Kiswahili cha kawaida, neno safari lina uzito: mtu hufunga mzigo, huaga. Mwulize mama, "Jana ulisafiri?" Atajibu hapana, na atakuwa amesema kweli. Karani aliyefundwa vizuri hatumii neno hilo. Huanza siku tangu alfajiri na kuifuata.

"Mama, jana ulipoamka, kitu cha kwanza kilichokutoa nje ya boma ni nini?"

"Sikwenda popote jana."

"Maji ya kupikia mlipata wapi?"

"Ah, hayo niliteka kule mtoni, mara mbili."

"Na watoto walifikaje shule?"

"Mdogo nilimpeleka mimi. Huyu mkubwa huenda mwenyewe."

Tayari kuna safari za kwenda na kurudi mara tatu kwa mtu ambaye hakwenda popote. Utafiti unaoridhika na jibu la kwanza utapata wanawake wa vijijini wasiosogea, na hivyo wasiohitaji chochote.

Swali la kuteka maji huzua ubishi miongoni mwa wataalamu wenyewe. Wapo wanaosema safari za chini ya dakika tano au kumi zisiandikwe, kwa kuwa zinarefusha mahojiano na hazibebwi na barabara. Hoja hiyo inafaa kwa jiji lenye mabomba. Kwa kaunti yenye vijiji vya milimani ni hasara, kwa sababu safari fupi zinazorudiwa kila siku ndizo zinazokula muda wa kaya. Afadhali hojaji iwe fupi mahali pengine.

Watoto nao mara nyingi huachwa. Tafiti nyingi huanza kuhesabu kuanzia umri wa miaka mitano au zaidi. Lakini mwanafunzi anayetembea kando ya barabara ya Maua kabla ya jua kutoka, pikapu zikipita kwa kasi, ni msafiri aliye hatarini kuliko wote. Asipoandikwa, njia ya waenda kwa miguu haitakuwa na sababu ya kujengwa.

Saa moja ya nani, na siku gani

Kosa lifuatalo linaonekana dogo hadi linapoharibu jedwali zima. Mwananchi anasema alitoka nyumbani saa kumi na moja. Karani anaandika 11. Kompyuta inasoma saa tano mchana. Mchumaji aliyeondoka gizani anageuka kuwa mtu wa mchana, na kilele cha alfajiri cha Maua kinapotea. Dawa yake ni rahisi na haigharimu kitu: tableti ionyeshe saa ya Kiswahili kwa karani, tena ilazimishe kuchagua alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku kabla ya kuendelea. Kisha programu yenyewe ibadilishe.

Siku ya utafiti kwa kawaida huanza saa kumi alfajiri na kuishia saa kumi ya alfajiri inayofuata, kwa dhana kwamba saa hiyo watu wamelala. Maua si mji wa kulala saa hiyo. Biashara ya miraa inakimbizana na muda. Majani yakikauka bei inaanguka, kwa hivyo kuchuma, kufunga kwenye majani ya migomba na kupakia hufanywa mapema ili mzigo ufike Nairobi ukiwa mbichi. Mahali ambapo kazi inaanza gizani, mtunzi anapaswa kuuliza siku ya hapo inaanza saa ngapi badala ya kunakili ya nchi nyingine.

Msimu nao una neno. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba hubadilisha barabara za udongo, na boda boda hupandisha nauli au hukataa kabisa. Likizo za shule huondoa maelfu ya safari kwa siku moja. Siku ya soko si sawa na siku isiyo ya soko. Wapo wanaoabudu Jumamosi na wapo wanaoabudu Jumapili. Utafiti wa wiki mbili katika Agosti, wakati wa likizo na kiangazi, utaonyesha kaunti ambayo haipo mwezi wa Novemba. Njia bora ni kueneza mahojiano katika siku zote saba, na ikiwezekana katika misimu miwili.

Na kuna miaka ambayo si ya kawaida kabisa. Kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022 ndege za miraa kwenda Somalia zilisimamishwa. Yeyote ambaye angepima safari za Igembe katika kipindi hicho angepima soko lililofungwa, na modeli yake ingetabiri barabara tupu. Kabla ya hapo, Uingereza ilikuwa imepiga marufuku miraa mwezi Juni 2014. Eneo linalotegemea zao moja hubadilisha mwendo wake kwa tangazo la siku moja, na hiyo ni sababu tosha ya kurudia utafiti, hata kwa sampuli ndogo, badala ya kutegemea takwimu za zamani kwa miaka kumi na mitano.

Anayejibu kwa niaba ya wengine

Karani akifika adhuhuri, anamkuta nani? Wazee, akina mama wenye watoto wachanga, na pengine kijana asiye na kazi siku hiyo. Waliotoka ndio wanaosafiri sana, na hawapo. Kishawishi ni kumwuliza aliyepo awajibie wote. Baba ataeleza safari yake kwa urefu, kisha aseme, "Mke wangu? Alikuwa tu hapa." Ushahidi wa miaka mingi wa tafiti za aina hii ni kwamba mtu anayejibiwa na mwingine huonekana amesafiri kidogo kuliko ukweli, na safari zinazosahaulika ni zile fupi za miguu na za kuhudumia watoto na wagonjwa.

Kwa hivyo kanuni inapaswa kuwa kila mtu mzima ajijibie, na karani arudi jioni au Jumapili mchana kwa aliyekosekana, angalau mara mbili au tatu kabla ya kukata tamaa. Hii ndiyo sehemu ya gharama kubwa, na ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti ikibana. Isikatwe. Nusu ya kaya zilizohojiwa vizuri zina thamani kuliko kaya zote zilizohojiwa kwa kubahatisha.

Lugha pia inahusika. Bibi wa miaka themanini huko Mutuati atajieleza kwa Kimeru cha Igembe. Karani kutoka mbali, anayetafsiri papo hapo kutoka hojaji ya Kiingereza, ataleta maswali tofauti kila nyumba. Tafsiri iandikwe mapema, ijaribiwe kwenye vijiji vichache, na makarani wawe vijana wa hapa, wanaume kwa wanawake, kwa kuwa kuna mambo ya njiani, kama hofu ya kutembea usiku au kusumbuliwa kwenye steji, ambayo mwanamke hatamwambia mwanamume.

Mitaa yetu haina nambari za nyumba. Mtu husema alikwenda "pale kwa posho mili, chini ya kanisa". Karani asiyejua hapo ataandika "Maua" na safari ya kilomita mbili itageuka kuwa nukta moja. Tableti zenye ramani, zikiwa na shule, makanisa, masoko, vituo vya afya na steji zimewekwa mapema, hutatua sehemu kubwa. Uwezekano huo si wa ndoto: kati ya 2012 na 2014 Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo vya Marekani vilichora zaidi ya njia 130 za matatu za Nairobi kwa kutumia simu za mkononi, njia ambazo hapo awali zilikuwa vichwani mwa madereva na makanga.

Siri ya kaya

Ni haki mwananchi kuwa na wasiwasi mtu akimwuliza ametoka saa ngapi na ana pikipiki ngapi. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa aeleze anazitaka kwa nini, asichukue zaidi ya anazohitaji, na asizitumie kwa jambo jingine. Utafiti wa usafiri hauhitaji nambari ya KRA, hati ya shamba, idadi ya mimiraa wala nambari ya siri ya M-Pesa. Karani akiuliza hayo, si karani wa usafiri, na chifu ajulishwe.

Kipato kina utata wake. Mpangaji anahitaji kujua nani anashindwa na nauli, lakini swali la mshahara huzima mazungumzo. Njia inayofanya kazi ni kuuliza vitu vya nyumbani na matumizi, au kuonyesha viwango ili mtu achague kimoja, na kuliweka swali hilo mwisho. Majina na nambari za simu zitenganishwe na majibu mapema, na nukta ya nyumba kwenye ramani isogezwe kabla data haijatolewa kwa mtu mwingine yeyote.

Baada ya tableti kufungwa

Majibu yakishakusanywa hupewa uzito. Tuseme kaunti ndogo ina kaya 40,000 na 400 zimehojiwa: kila moja inasimama badala ya 100. Kama vijana wapangaji wa vyumba vya mjini Maua walipatikana wachache kuliko walivyo katika sensa, uzito wao hupandishwa. Ila uzito hauwezi kuokoa kundi ambalo halikupatikana kabisa. Sifuri ukiizidisha kwa mia ni sifuri.

Kisha modeli hupimwa dhidi ya wale vijana wawili wa Kangeta. Kompyuta ikisema matatu mia tatu zilipita na wao wamehesabu mia tano, kuna kitu kimekosewa, na kazi hurudi nyuma. Pikapu za miraa, malori ya viazi na mbao, na wageni wanaopita kwenda mbugani hawaonekani vizuri kwenye utafiti wa kaya hata ukifanywa kwa ustadi gani. Hao huhitaji mahojiano yao kando ya barabara. Safari za kwenda Isiolo, Chuka, Embu na Nairobi nazo huvuka mpaka, na modeli ya Meru peke yake huzikata kwa kisu. Ndiyo maana kazi ya aina hii hufaa zaidi kaunti jirani zikitumia hojaji moja na saa moja.

Ripoti ikitoka, data yenyewe, ikiwa imeondolewa majina, inapaswa kubaki mikononi mwa kaunti na si kwenye kompyuta ya mshauri aliyekwisha lipwa, ili mhandisi wa mwaka wa saba aweze kuifungua.

Kwa kaya itakayochaguliwa, maandalizi ni machache. Karani wa kweli ana kitambulisho cha kazi na barua, na amepitia kwa chifu au naibu wake. Mwananchi anaweza kuuliza maswali kabla ya kujibu, kuruka swali asilolitaka, au kukataa. Mtoto huulizwa mzazi akiwepo na akikubali. Mwenye shughuli anaweza kuomba karani arudi jioni. Na atakayeulizwa jana alikwenda wapi aanze na maji.